Kabla Hujachomeka Kadi

Mwenye kadi ya benki hupewa makatazo mengi: usimtajie mtu namba ya siri, usiazimishe kadi, usipokee msaada wa mgeni kwenye ATM, usibonyeze kiungo kilichotumwa kwa ujumbe mfupi. Yote ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba hukaririwa bila kueleweka, na jambo lililokaririwa tu halimfai mtu siku tapeli anapokuja na hila ambayo haikuwamo kwenye orodha. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Ukielewa jambo moja, yaani benki hutumia ushahidi gani kuamini kuwa anayeamuru pesa itoke ni wewe, utazitambua tahadhari nyingi mwenyewe, na utajua pia ni wapi woga wako unakunyima urahisi bila sababu.

Tuanze na kadi yenyewe. Ndani yake hamna pesa. Pesa iko kwenye akaunti, na kadi ni chombo cha kuiamuru benki iitoe, kama ilivyokuwa hundi. Ulinganisho huo una historia yake. Mashine ya kutolea pesa iliyozinduliwa na benki ya Barclays huko Enfield, kaskazini mwa London, mwezi Juni 1967, haikutumia kadi ya plastiki hata kidogo. Mteja aliingiza hundi maalumu ya karatasi iliyotiwa kaboni 14 ili mashine iitambue, akabonyeza namba yake ya siri, akapewa pauni 10. Plastiki ilikuja baadaye, lakini swali lililoikabili mashine ile ndilo linaloulizwa hadi leo kwenye ATM ya Kariakoo, kwenye duka la dawa Arusha au kwenye tovuti ya shirika la ndege: hapa hakuna karani anayemfahamu mteja kwa sura, sasa tutajuaje kuwa ni yeye?

Kadi nyingi tulizo nazo Tanzania, ziwe za CRDB, NMB, NBC au benki nyingine, hukata moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenyewe. Alama ya Visa au Mastercard iliyo kwenye kona haibadilishi jambo hilo. Inaonyesha tu mtandao unaobeba ujumbe kati ya benki ya mwenye duka na benki yako. Kadi ya mkopo ni kitu kingine: benki hulipa kwanza kwa pesa yake, nawe unairudishia baadaye, na riba juu yake ukichelewa. Tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Muamala wa wizi ukipita kwenye kadi ya mkopo, wewe na benki mnabishana juu ya deni ambalo bado hujalilipa. Ukipita kwenye kadi ya kawaida, pesa imekwishaondoka, na wakati malalamiko yanachunguzwa, kodi ya nyumba na ada ya shule havisubiri. Kwa hiyo mwenye kadi ya kawaida ana haja kubwa zaidi ya kuelewa ulinzi wake, ingawa mara nyingi ndiye aliyeelezwa machache siku alipokabidhiwa bahasha yake kaunta.

Kwenye ATM benki hudai ushahidi wa aina mbili kwa pamoja: kitu ulicho nacho na kitu unachokijua. Ulicho nacho ni kadi, na hasa ile chipu ya rangi ya dhahabu au fedha iliyo upande wa mbele. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala, kwa hiyo mtu aliyenasa mawasiliano ya leo hawezi kuyatumia kesho. Ukanda mweusi wa sumaku ulio nyuma hauna uwezo huo. Taarifa zake hazibadiliki, na mwenye kifaa cha kuzisoma anaweza kuzihamishia kwenye kadi nyingine. Hii ndiyo sababu matapeli hubandika vifaa vyao kwenye mdomo wa mashine, pamoja na kamera ndogo inayotazama vidole vyako. Ukifunika mkono mmoja kwa mwingine unapobonyeza, umewanyima nusu ya ushahidi, na nusu iliyobaki peke yake haiwafikishi mbali.

Kitu unachokijua ni namba ya siri, na hapa inafaa kupiga hesabu. Tarakimu nne hutoa michanganyiko 10,000, na kwa kawaida kadi hufungwa baada ya kukosea mara tatu. Mwizi anayebahatisha ana nafasi 3 katika 10,000, na hakuna mwizi makini anayeishi kwa bahati ya namna hiyo. Hesabu hiyo huporomoka pale unapochagua tarehe ya kuzaliwa. Kwa Mtanzania huporomoka zaidi, kwa sababu namba ya utambulisho inayotolewa na NIDA huanza na tarakimu nane za tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyeiba pochi yenye kadi ya benki na kitambulisho cha taifa amekabidhiwa dokezo lote. Atajaribu mwaka, kisha siku na mwezi, kisha mwezi na siku, na majaribio matatu yametosha. Chagua namba isiyo na uhusiano na chochote kilichoandikwa ndani ya pochi yako, wala na namba yako ya simu, ambayo watu wengi huwa nayo.

Wapo watakaosema kwamba maisha yetu hayaendi hivyo. Bibi mwenye pensheni hawezi kusimama kwenye foleni ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo humpa mjukuu kadi na namba, na mjukuu huleta pesa yote bila kupungua hata senti. Ni kweli, na hakuna sababu ya kuwatilia shaka wajukuu wote wa nchi hii. Lakini fikiria tena suala la ushahidi. Kadi halisi ikiwa imechomekwa na namba sahihi imebonyezwa, mfumo umethibitisha kuwa ni bibi, na siku pesa itakapopotea, iwe kwa mjukuu au kwa aliyemchungulia mjukuu, benki itasema aliyetoa ni bibi mwenyewe. Atakuwa hana la kujitetea. Benki kadhaa zina huduma ya kutoa pesa bila kadi, ambapo mwenye akaunti hutengeneza kwa simu namba ya kutumika mara moja kwa kiasi alichokitaja. Mjukuu huenda na namba hiyo, na hata akiibiwa njiani kinachopotea kina kikomo. Vinginevyo bibi atume pesa kwenye simu ya mjukuu akatolee kwa wakala.

Dukani ushahidi ni uleule wa chipu na namba, ila mashine inashikwa na mtu mwingine. Mambo mawili yanatosha. Kadi isiondoke machoni pako. Mhudumu wa mgahawa akitaka kwenda nayo jikoni au ofisini, mwombe alete mashine mezani, na hilo si tusi kwake. Pili, soma kiasi kilichoandikwa kwenye kioo kabla ya kubonyeza namba, kwa sababu sifuri moja ya ziada hugeuza shilingi 45,000 kuwa 450,000, na namba ya siri maana yake ni kwamba umeridhia.

Siku hizi kadi nyingi hugusishwa tu juu ya mashine, na malipo madogo hupita bila namba ya siri. Wasiwasi unaosikika mara nyingi ni wa mwizi kupita na mashine kwenye daladala iliyojaa akizigusa pochi za abiria. Kinadharia inawezekana. Kwa maoni yangu hofu hii imekuzwa kuliko inavyostahili: mashine inapaswa kuwa umbali wa sentimeta chache tu, kiasi kisichodai namba kina kikomo, na kila mashine ya malipo imeunganishwa na akaunti ya mfanyabiashara aliyesajiliwa, kwa hiyo pesa huacha nyayo hadi mlangoni kwake. Hatari ya kweli ni ya kawaida kabisa, nayo ni kuangusha kadi. Atakayeiokota anaweza kuigusisha dukani kwa kiasi kidogo kidogo hadi uifungie. Kama hutumii njia hiyo, iulize benki yako kama inaweza kuizima.

Mtandaoni ndipo mambo yanapobadilika kabisa. Hakuna mashine ya kuchomeka, chipu haisemi kitu, na namba ya siri haiulizwi. Benki inabaki na ushahidi gani? Tarakimu 16 za mbele, jina, mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, na tarakimu tatu za nyuma. Vyote vimechapwa juu ya kadi. Benki nyingi huongeza hatua ya kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu, lakini yapo maduka ya nje yanayopitisha malipo bila hatua hiyo. Kwa maneno mengine, yeyote aliyewahi kuiona kadi yako pande zote mbili kwa nusu dakika ana kila kinachohitajika kununua nayo huko. Hapa pana mgongano mkubwa kati ya woga wetu na hatari yenyewe. Mtu hujikunja kama anayeficha mtihani anapobonyeza namba yake kwenye ATM, kisha jioni hiyohiyo anapiga picha kadi mbele na nyuma na kumtumia binamu kwa WhatsApp ili amlipie tiketi. Picha ile haitamfaa mwizi kwenye ATM; itamfaa mtandaoni, na itakaa kwenye simu mbili, pengine na kwenye hifadhi ya intaneti, muda mrefu baada ya safari kusahaulika. Hali kadhalika kivuli cha kadi kinachoachwa kwenye mafaili ya ofisi. Anayehitaji kukutumia pesa anahitaji namba ya akaunti na jina lako, basi. Namba ya kadi haimhusu.

Dawa yake ni rahisi. Kama hununui mtandaoni, omba benki izime malipo hayo, au yazime mwenyewe kwenye programu ya simu ikiwa inaruhusu, na uyawashe siku ya haja. Kama unanunua mara kwa mara, tumia kadi ya kidijitali iliyotenganishwa na akaunti kuu. Kampuni za simu nazo zimeingia huko: Safaricom ya Kenya, kwa mfano, ilizindua mwaka 2022 kadi ya Visa isiyo na plastiki inayofanya kazi ndani ya M-Pesa. Weka humo kiasi cha manunuzi ya siku hiyo tu.

Tarakimu 16 zenyewe zinastahili kuelezwa, kwa sababu matapeli hutegemea usizijue. Kadi za Visa huanza na 4, za Mastercard na 5 au 2. Tarakimu sita hadi nane za mwanzo hutambulisha benki iliyoitoa, na ile ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi, hukokotolewa kutokana na zilizotangulia kwa kanuni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, ili kosa la kuandika ligundulike mara moja. Sasa mtu akikupigia akijitambulisha kuwa ni wa kitengo cha usalama, akakusomea tarakimu sita za mwanzo za kadi yako bila kukosea, moyo hulegea: huyu kweli ni wa benki. Lakini tarakimu hizo ni zilezile kwa maelfu ya wateja wenye kadi ya aina hiyo katika benki yako, na zinajulikana hadharani. Amekuthibitishia tu kwamba amebahatisha unakoweka pesa. Anachotafuta ni zile zilizobaki, na mwisho ile namba ya uthibitisho itakayoingia kwenye simu yako wakati mazungumzo yakiendelea. Nchi nzima imekwisha kuzoea utani wa «ile pesa tuma kwenye namba hii», na wengi sasa huucheka. Tapeli wa kadi hakuombi utume chochote. Anakuomba umsomee namba, na ukimsomea umempa ushahidi ambao benki ilikuwa ikiungojea kutoka kwako. Namba ya siri huhakikiwa na mfumo bila mfanyakazi yeyote kuiona, kwa hiyo hakuna ofisa wa kweli mwenye haja ya kuisikia.

Baada ya yote haya, msomaji anaweza kuuliza: kwa nini nijisumbue, ikiwa M-Pesa na wenzake wananilipia luku, king'amuzi na nauli, na wakala yuko kila kona? Hoja hii ina nguvu, na kwa malipo ya kila siku ya mtaani simu itaendelea kushinda. Mama muuza mboga hana mashine ya kadi wala hana haja nayo. Kadi ina faida mahali pengine: usiku wa manane wakala akiwa amefunga, ukiwa nje ya nchi, ukilipia huduma ya kigeni mtandaoni, na kwenye malipo makubwa ambayo ukitoa pesa kwanza utakatwa, kisha uibebe mkononi. Jambo la mwisho hupuuzwa sana. Watu wengi huitumia kadi kwa kazi moja tu, kutoa noti, wakati hiyo ndiyo kazi yenye gharama. Ukilipa kwa kadi dukani, kwa kawaida benki haikukati kitu. Kamisheni hutozwa mwenye duka. Wapo wafanyabiashara wanaokurudishia mzigo huo kwa kuongeza asilimia kadhaa kwenye bei, kwa hiyo uliza kabla, na ukiona wameongeza, una haki ya kwenda duka jirani.

Kwa upande wa makato ya ATM, kumbuka kwamba kwa kawaida huhesabiwa kwa muamala. Anayetoa 20,000 mara tano hulipa mara tano. Mashine ya benki nyingine hukata zaidi kuliko ya benki yako, hata pale ambapo mtandao wa pamoja kama Umoja Switch umeziunganisha. Mara nyingi hata kuangalia salio kuna tozo, ilhali salio hilohilo liko kwenye simu. Noti yetu kubwa ni ya 10,000, hivyo milioni moja ni noti 100, na usishangae mashine ikikataa kuzitema kwa mkupuo mmoja. Kiasi kikubwa kitoe kaunta, au usikitoe kabisa, kihamishe.

Ushauri ninaoutetea kuliko wote ni huu: kadi unayotembea nayo isifungue akaunti yenye akiba yako yote. Kuwa na akaunti mbili, ya mshahara au akiba isiyo na kadi, na ya matumizi yenye kadi, kisha kila wiki uhamishe kiasi cha wiki. Utaambiwa kwamba akaunti ya pili ni gharama ya pili. Ndivyo ilivyo kwenye baadhi ya benki, ingawa nyingi zina akaunti za akiba zisizo na ada ya mwezi. Pima ada hiyo dhidi ya unachokihatarisha. Mwanafunzi ambaye boom lake lote limeingia kwenye akaunti ya kadi, kadi ikinakiliwa, amepoteza muhula mzima. Mwenye akaunti mbili amepoteza chakula cha wiki. Faida nyingine hujitokeza kwenye hoteli, ambazo huzuia kiasi fulani cha pesa kwenye kadi kama dhamana na kukiachia siku kadhaa baada ya kuondoka, na kwenye huduma za mtandaoni za «mwezi wa kwanza bure» zinazoendelea kukata kimyakimya. Zikikata, zitakata palipo na kidogo.

Mambo yakiharibika, kasi ina thamani. Kadi ikipotea au ikimezwa na mashine huku mtu usiyemjua akikuelekeza la kufanya, ifungie kwanza, uulize maswali baadaye. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 kuhusu miamala ya kielektroniki, inayowahusu ndugu zetu walioko huko, imeupima wajibu wa mteja kwa siku: akitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi hasara yake haizidi dola 50, akichelewa inaweza kufika 500, na akipitisha siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti yenye muamala huo, anaweza kubeba yote yanayoibwa baada ya hapo. Usidhani benki yako ina viwango hivyo. Mantiki ndiyo ileile, kwamba kila saa unayokaa kimya inahesabiwa upande wako.

Tatizo la kawaida kuliko wizi ni mashine kukata salio bila kutoa pesa. Hutokea mawasiliano yanapokatika katikati: benki yako imejibu kutoa ruhusa, lakini noti hazikutoka. Usigombane na mlinzi, na usirudie muamala hapohapo. Andika saa, tarehe na mahali, hifadhi risiti na ujumbe wa simu, kisha lalamika kwa benki iliyokupa kadi hata kama mashine ni ya benki nyingine, maana hiyo ndiyo yenye mkataba na wewe. Pesa iliyobaki ndani ya mashine huonekana inapohesabiwa na kulinganishwa na kumbukumbu, na rekodi yako ndiyo inayoelekeza ni ya nani. Dai namba ya malalamiko. Usiporidhika na jibu, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja, nazo Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 ndizo za kuziegemea, ila itataka kwanza uwe umelalamika kwa benki yako, na ithibati ni ile namba.

Kwa msafiri, neno moja. Ukilipa Dubai au Nairobi na mashine ikakuuliza kama unataka ukatwe kwa shilingi za Tanzania au kwa fedha ya pale, chagua fedha ya pale. Kiwango cha ubadilishaji kinachowekwa na mashine kwa kawaida ni kibaya kuliko cha mtandao wa kadi yako.

Limebaki jambo moja la kufanya kabla hujaweka gazeti chini. Namba ya huduma kwa wateja ya benki huchapwa nyuma ya kadi, mahali ambapo hutaweza kupasoma kadi ikipotea. Iandike leo kwenye simu, na uiandike pia kwenye daftari la nyumbani, kwa sababu simu na pochi mara nyingi huibwa pamoja.